Kisima kimoja ni ekari chache tu, sasa kulungu na swala wa Wyoming wanakosa nini?

Bwana Trela

Wakuu, salaam. Niko Wyoming huku Marekani, dereva wa trela. Kazi yangu kwa sasa ni kupakia mabomba ya chuma Rock Springs na kuyapandisha kaskazini kwa barabara ya 191 hadi kwenye visima vya gesi upande wa Pinedale. Ukishaipita Farson nyumba ni za kutafuta. Ni vichaka vya kijivu, upepo wa kukusukuma nje ya mstari ukiwa huna mzigo, na wale swala wa huku, pronghorn, wenye matako meupe.

Wiki hii msimamizi ametugawia barua. Imeshachapwa, wewe unajaza jina, anwani na saini, halafu ofisi inaituma BLM, ile idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Inasema sisi wafanyakazi tunataka vitalu zaidi vikodishwe kwa uchimbaji, na kwamba kutenga shoroba za wanyamapori, yaani njia zao za kuhama, ni kuua ajira. Sijasaini. Si kwamba napinga, ugali wangu unatoka kwenye gesi hiyo hiyo. Ila sina tabia ya kusaini nisichokielewa.

Kinachonitatiza ni hiki. Eneo la kisima ni ekari chache, basi. Siku nikifika Pinedale napanda pale Trappers Point nanyoosha miguu, natazama kusini, nchi haina mwisho. Kwa nini mnyama asizunguke? Tena nimewaona kwa macho yangu swala wanakula hatua chache kutoka kwenye matangi, hata hawainui kichwa trela ikipita. Sasa wanaosema visima vinaharibu uhamaji wanaongelea nini hasa?

La pili, mimi si raia, nina kadi ya ukaazi tu. Naruhusiwa kutoa maoni yangu mwenyewe, nje ya hiyo barua? Na jina litaonekana?

Mtu wa Casper

Saini mkuu, usijitafutie lawama kazini. Mrabaha wa gesi inayotoka ardhi ya serikali kuu, karibu nusu yake inarudi kwenye jimbo ilikochimbwa. Shule wanazosoma watoto wetu hapa zinategemea hela hiyo, na huku hatulipi hata kodi ya mapato ya jimbo. Swala walikuwepo kabla yetu na watakuwepo tukishaondoka. Nani amewahi kukuta swala ameuawa na bomba?

Nyayo za Laramie

Kaka Trela, iache hiyo barua mezani kwanza.

Mimi niko Laramie, nafanya kazi za msimu na watafiti wa wanyamapori. Tunawafunga kulungu shingoni kola za GPS zinazoonyesha wanakotembea, tunaokota kola zilizodondoka, na kuna siku kazi ni kutembea tu kando ya seng'enge kutwa nzima kutazama manyoya yaliyonasa kwenye waya wa chini.

Hesabu ya ekari ndiyo inayokupoteza. Pale pale unapopeleka mabomba, kwenye mwinuko unaoitwa Mesa juu ya uwanja wa gesi wa Pinedale Anticline, BLM iliruhusu visima 700 mwaka 2000, kisha mwaka 2008 ikaruhusu mpaka 4,399. Mtafiti anayeitwa Hall Sawyer na wenzake waliwafuatilia kulungu wa hapo kwa kola, miaka 15. Walichotarajia wengi ni kwamba kulungu watazoea. Hawakuzoea. Muda wote huo walikaa mbali na visima kwa wastani wa kama kilometa moja, ingawa baridi ikizidi ukali walivisogelea kiasi, na idadi yao ikashuka kwa asilimia 36. Sasa chora duara la kilometa moja kuzunguka kisima chako cha ekari chache: unapata zaidi ya ekari 700 ambazo kulungu hazitumii ipasavyo, ingawa hakuna aliyezigusa na kwa macho yako ni nyika tupu.

Na hiyo nyika ndiyo malisho yao ya baridi. Kulungu anaingia Novemba na mafuta aliyoyaweka mlimani, na kazi yake mpaka Aprili ni kuyatumia taratibu asife kabla majani hayajachipua. Akisukumwa kwenye theluji nzito zaidi yenye vichaka haba zaidi, anayamaliza mapema. Kwa hiyo Mtu wa Casper ana haki, huwezi kumkuta ameuawa na bomba. Utamkuta Machi amelala kwenye korongo, uboho wa mfupa wa paja umekuwa mwekundu na majimaji badala ya kuwa mweupe na mgumu. Ndivyo tunavyowapima waliokufa kwa njaa, tunavunja mfupa tunatazama.

Nije kwenye "kuzunguka". Kuna kulungu wanaotoka Red Desert, hapo mashariki mwa Rock Springs, wanatembea maili 150 mpaka bonde la Hoback. Watafiti waliwagundua juzi tu, kabla ya hapo hata sisi wa huku hatukujua. Kuna jike mmoja, namba yake 255, aliyefuatwa mpaka Island Park, Idaho, maili 242. Hawatembei kama wewe unavyotembea kwenda kushusha mzigo. Wanafuata majani yanayochipua, theluji ikiyeyuka chini wanaanza, ikiyeyuka juu zaidi wanapanda, na njiani wana vituo vyao vya kukaa siku kadhaa wakila. Njia ikijaa barabara na visima, wengi bado wanapita, lakini wanapita mbio. Wanafika juu wamekonda, na jike aliyekonda huzaa mtoto dhaifu. Utafiti mwingine wa Sawyer na wenzake, wa mwaka 2020, ulionyesha kuwa ardhi iliyovurugwa ikizidi asilimia 3, kulungu wanaanza kuacha kuitumia njia kwa kiasi kikubwa. Ekari tatu katika mia. Wewe ukipita na trela utaapa kuwa hapo hakuna kitu.

Halafu njia yenyewe wanarithishana. Mtoto anaifuata nyuma ya mama yake. Kondoo wa milimani waliohamishiwa sehemu mpya walionyesha jambo hilo vizuri: walikaa pale pale walipowekwa, na ilichukua makumi ya miaka kabla kundi halijajifunza kuhama. Kwa hiyo ukiikata njia leo, hata ukiondoa visima baadaye, huenda hayupo tena anayeikumbuka.

Hapo Trappers Point unaponyoosha miguu, kaka, wanaakiolojia walichimba wakakuta mifupa ya pronghorn waliowindwa takriban miaka 6,000 iliyopita. Ni sehemu nyembamba kati ya mto Green na mto New Fork, na swala wanaotoka hifadhi ya taifa ya Grand Teton kwenda chini kwenye nyika bado wanapita hapo hapo. Hakuna pa kuzungukia, pembeni ni mito na siku hizi nyumba.

Bwana Trela

Dada Nyayo, shukrani, hili la mafuta ya mwilini sikuwahi kuliwaza. Kumbe lile daraja pana lisilo na barabara juu yake, pale 191 inapopita chini, ndiyo lao?

Ila hujanijibu wale swala wa kwenye matangi. Wale si wa kusimuliwa, nimewaona.

Nyayo za Laramie

Ndilo lenyewe. Yalijengwa mawili pamoja na vivuko sita vya chini ya barabara, vikakamilika 2012, gharama kama dola milioni 10. Na yanafanya kazi, ajali za magari na wanyama kwenye kipande hicho zimepungua sana.

Wale swala siwakatai. Ulikuwa majira gani? Kama ni kiangazi, majani yapo kila mahali na mnyama anaweza kuvumilia matangi. Tena swala na kulungu hawafanani, na hata ndani ya kundi moja wapo wavumilivu zaidi. Lakini wewe unawaona waliobaki. Walioondoka huwezi kuwaona ukiwa kwenye usukani, ndiyo maana kuna kola.

Inayoniuma mimi ni mipaka. Njia ya swala wa Grand Teton ililindwa rasmi mwaka 2008, lakini ni kile kipande kilichomo ndani ya msitu wa taifa wa Bridger-Teton tu. Swala akitoka msituni kuelekea kusini anaingia ardhi ya BLM na ya watu binafsi, na huko ndiko gesi iliko. Ukilinda nusu ya juu ya njia na kukodisha nusu ya chini, sijui umelinda nini.

Fundi Rigi

Nimesoma kimya kimya, lakini hapa ni kwangu. Nilifanya kazi Anticline kwenye mitambo ya kuchimbia, kisha kwenye matengenezo.

Trela, tatizo si shimo, tatizo ni wewe. Usikasirike. Kisima kikishaanza kutoa, kinatoa gesi pamoja na maji machafu na yale mafuta mepesi, kondenseti. Zamani vyote hivyo vilikaa kwenye matangi pale pale kisimani, na lori la tangi linakuja kuvifyonza. Usiku na mchana, baridi na joto, kila kisima. Taa, breki za hewa, vumbi. Baadaye baadhi ya kampuni zikalaza mabomba chini ya ardhi kukusanya hivyo vimiminika, na tofauti niliiona mwenyewe. Eneo lililokuwa na foleni ya malori likabaki na fundi mmoja na pikapu yake. Watafiti nao walipima wakakuta kulungu wanapoteza eneo dogo zaidi penye mabomba kuliko penye malori. Ongeza kuchimba kwa mshazari, ambapo eneo moja linatoa visima hata kumi na zaidi vikielekea pande zote huko chini. Kwa hiyo anayekwambia ni ama gesi ama kulungu anakurahisishia mambo. Kuna gesi inayochimbwa kwa adabu na kuna isiyo na adabu, na ya adabu inagharimu zaidi mwanzoni.

Ila dada Nyayo, mbishane na mimi kwenye hili la kufunga msimu. Kwenye malisho ya baridi masharti ya kawaida ni hakuna kuchimba kuanzia Novemba 15 mpaka Aprili 30. Karatasini safi. Sisi wenye mikono tulikuwa tunarudishwa nyumbani bila mshahara, au tunafukuzwa kwenda North Dakota. Uamuzi wa 2008 uliporuhusu kuchimba mwaka mzima kwenye maeneo fulani, kwa sharti kwamba kazi irundikwe sehemu moja na sehemu nyingine zipumzike, mimi nilipata kulala na familia yangu.

Nyayo za Laramie

Sibishani na familia yako, Fundi. Na kurundika kazi sehemu moja ni wazo zuri kuliko kuitawanya. Ninachosema, kulungu ambao sehemu yao ya baridi ndiyo iliyoangukia kwenye mrundikano hawakuambiwa wahamie zile zinazopumzika. Wanarudi pale pale walikozoea. Asilimia 36 ile imo ndani ya kipindi hicho, na masharti na mabomba yote yakiwepo.

Mtu wa Casper

Haya mnaongelea gesi tu kwa sababu ndiyo adui wa mtindo. Paneli za sola je? Au zile hazina uzio?

Nyayo za Laramie

Hapo umenena, na wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Karibu na Green River kuna mtambo wa sola wa megawati 80 uliojengwa 2018 kwenye ardhi ya BLM, ukazungushiwa uzio mrefu pande zote. Swala waliokuwa wakipita na kukaa hapo walibaki wakitembea nje ya uzio, na wengine wakasukumwa hadi barabarani. Kisima angalau mnyama jasiri anaweza kukatiza kando yake. Uzio wa sola ni ukuta. Upepo nao una barabara zake na njia zake za umeme. Swala haulizi umeme unatoka wapi.

Na uzio kwa swala ni hadithi peke yake. Kulungu anaruka. Swala, mnyama anayekimbia karibu kilometa 90 kwa saa, haruki, anapita chini. Anapiga magoti, anainamisha shingo, anajisukuma, na ule waya wa miiba unamchuna mgongoni. Ndiyo manyoya ninayoyaokota, mepesi, matupu katikati kama mrija. Penye mikwaruzo mingi ngozi inabaki wazi na baridi inaingilia hapo. Waya wa chini ukiwa laini usio na miiba, na ukainuliwa sentimeta 40 hadi 45 kutoka chini, anapita bila shida na ng'ombe hatoki. Ni kazi ya koleo na mchana mmoja.

Ile barabara yenu ya I-80 ina uzio pande zote mbili pamoja na malori yasiyokatika. Swala wa kaskazini na wa kusini yake ni kama wanaishi nchi mbili.

Mzee wa Seng'enge

Mimi nachunga ng'ombe wa watu upande wa Rawlins, nawaongezea moja. Eneo la Red Rim, miaka ya 80, mfugaji mmoja alijenga uzio wa maili 28 ambao swala hawawezi kupita. Ardhi ya huku imekatwa miraba ya maili moja moja, mmoja wa mtu binafsi, mmoja wa umma, tangu reli ilipogawiwa ardhi wakati wa Lincoln. Yeye akaweka nguzo zake zote kwenye miraba yake binafsi, lakini uzio ukawa umefungia ndani ekari zaidi ya 9,000 za umma. Baridi ikaja, swala wakarundikana kwenye waya wakitazama malisho yao ng'ambo. Kesi ilifika mahakama ya rufaa mwaka 1988, na sheria iliyomshinda ilikuwa ya mwaka 1885, ya kukataza watu kuzungushia uzio ardhi ya umma. Aliamriwa autoe au aurekebishe swala wapite.

Nayasema haya kwa sababu watu hudhani mpaka itungwe sheria mpya. Nyingine zipo kabatini tangu zama za farasi.

Karani wa Denver

Trela, nikujibu swali la pili maana wameliacha.

Maoni ya wananchi kwenye tathmini za mazingira hayaulizi uraia. Yeyote anaweza kutuma. Ukituma, jina na anwani vinakuwa sehemu ya kumbukumbu za umma. Unaweza kuomba vifichwe, lakini hawatoi ahadi kuwa itawezekana. Hilo lipime mwenyewe kulingana na bosi wako alivyo.

Pili, si kura. Barua 500 zinazofanana zinajibiwa kama hoja moja. Ukurasa mmoja wa mtu anayejua barabara ile una uzito kuliko rundo hilo, kwa sababu hoja mahususi inawapa kitu cha kupima.

Tatu, na hili ndilo watu wanalikosa: mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ukishafika hatua ya mwisho, kuna siku 30 za kuweka pingamizi, na anayeruhusiwa kupinga ni yule tu aliyeshiriki mwanzoni. Ukinyamaza wakati wa rasimu, mlango unafungwa. Na mpango ndiyo unaoamua kitalu kipi kinakodishwa na kwa masharti gani. Kitalu kikishakodishwa, aliyekikodi ana haki yake kwa miaka kumi, na kikitoa gesi haki inaendelea. Kufikia wewe kupakia bomba Rock Springs, mabishano makubwa yalishaisha zamani. Kinachobaki ni kujadili kisima kisogezwe huku au kule.

Bwana Trela

Nimewaelewa wakuu. Barua ya ofisi sisaini. Si kwa hasira, ni kwamba inasema shoroba zinaua ajira, na Fundi ameshanionyesha kuwa hata mimi ningependelea mabomba ya vimiminika yalazwe, maana kuyapeleka huko ni kazi yetu vilevile.

Nitaandika ya kwangu. Sasa niandike nini? Mimi si mtafiti, Kiingereza changu cha kuandika ni cha kusukumasukuma.

Nyayo za Laramie

Andika unachokiona kutoka kwenye usukani, hakuna mwenye kola anayekiona. Kila kipande cha 191 kina vibao vya maili. Taja namba ya kibao ambapo huwa unawakuta swala wamebanana kwenye uzio theluji ikiwa nzito, upande gani wa barabara, mwezi gani. Taja wapi malori yanajaa usiku. Halafu omba mambo machache: vitalu vilivyo juu ya ushoroba vikodishwe kwa sharti la kutoweka chochote juu ya uso wa ardhi au visikodishwe kabisa, vimiminika vipite kwenye bomba, na uzio wowote mpya uwe na waya wa chini laini. Baridi ya 2022–2023 iliondoa karibu nusu ya kundi la swala la Sublette, wengine kwa njaa na wengine kwa ugonjwa wa mapafu, na hao waliobaki ndio wanaopita mbele ya bampa yako. Kiingereza usijali, wanasoma hoja.

Ofisi ya BLM iko hapo hapo Rock Springs, kwenye 191 unapotoka mjini kuelekea kaskazini. Ramani za shoroba waombe, watakuonyesha. Ila kabla hujaingia, hakikisha una pa kuigeuzia trela.

Mtu wa Casper

Ukimaliza iweke hapa tuisome. Sisemi nitasaini.